Wanane hushuka, mmoja hubaki juu

*Wapiga mbizi tisa wanaozungumza Kiswahili walipanga safari ya kwenda kwenye magati mawili ya Australia Kusini, wakati ambapo bahari ya huko ilikuwa imeugua. Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao.*

UPEPO uligeuka usiku. Saa moja na robo asubuhi, Jumamosi, tulikuwa tisa kwenye gati la Rapid Bay, kilomita kama 100 kusini mwa jiji la Adelaide. Tulikuwa tumeshaburuta vitoroli hadi mwisho wa gati na kuilaza mitungi ya hewa ili isibingirike. Suti nene za mpira tulizivaa hadi kiunoni, mikono yake ikining'inia. Kijana mwanafunzi wa chuo, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa ameshafunga mkanda wake wa vipande vya risasi, wa kumsaidia kuzama. Alikuwa macho tangu saa tisa usiku.

Kiongozi wetu alikuwa bado hajaigusa suti yake. Ni fundi wa magari, mtoto wa Tanga, na sote humwita Nahodha ingawa hana chombo. Alisimama kichwani mwa ngazi inayoshuka majini, daftari la shule mkononi, akitazama. Wimbi lilipanda, likazifunika hatua za chini, likateremka na kuacha wazi hatua nne zinazotiririka maji, likapanda tena. Alihesabu mawimbi kumi na mawili. Kisha akafunga daftari.

"Wadogo zangu, leo hapa hatushuki."

Kijana alifungua mkanda kimya kimya. Mwenzetu mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba mbona maji si mabaya kiasi hicho. Nahodha hakukasirika. Alimwambia kushuka kila mtu atashuka, hata kwa kuruka. Shida ni kurudi: ngazi ile ndiyo mlango wetu pekee, na mtu aliyechoka, mtungi mgongoni na risasi kiunoni, wimbi likimbamiza kwenye chuma halitamuuliza ana cheti cha daraja gani.

Uamuzi huo ulichukua dakika tatu. Lakini ulikuwa umefanyika wiki tatu kabla, jikoni, kwenye meza yenye chupa ya chai na sahani ya maandazi, na haukupatikana kwa urahisi. Maana swali lililokuwa mezani halikuwa upepo tu. Lilikuwa hili: bahari inapoumwa, watu waende kuizamia au waiache ipumzike?

Gati la mawe

Asiyewahi kuzamia chini ya gati huona ajabu mtu kusafiri mbali kwa ajili ya nguzo. Matumbawe ya Mafia na Watamu yapo, kwa nini nguzo?

Rapid Bay ina jibu lake. Mahali hapo palipata jina kutokana na meli Rapid, iliyomleta Kanali William Light mwaka 1836 alipokuja kupima na kuchagua mahali pa kujenga mji mkuu wa koloni. Karne moja baadaye kampuni ya BHP ilifungua machimbo ya chokaa kwenye mlima wa nyuma ya ufukwe, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 ikajenga gati refu la kupakilia mawe ya kwenda kwenye viwanda vya chuma. Gati hilo lilikwenda baharini karibu mita 490, na mwisho wake likakatwa kwa upande kama herufi T ili meli ziegeshe.

Meli zilikoma kuja. Gati likachakaa, na mwaka 2004 likafungwa kwa umma kwa sababu ya hatari. Mwaka 2009 likafunguliwa gati jipya pembeni yake, fupi kwa zaidi ya nusu, lenye urefu wa mita 240 hivi. La zamani halikung'olewa. Limeachwa lisimame, mbao zake zikidondoka moja moja, haliruhusiwi kukanyagwa na mtu.

Chini yake ndiko kwenye mji. Kwa zaidi ya miaka 60 kila nguzo ilivaa nguo juu ya nguo: sponji za rangi ya chungwa, kome, matumbawe laini, mwani. Samaki hukaa kivulini kwa makundi, na kina chake hakizidi sana mita 10, kwa hiyo hata mwanafunzi wa mbizi hufika. Mwanga huingia kwa mistari kati ya mbao za juu. Nilizamia pale mara ya kwanza Machi 2024, na nilipotoka sikutaka kuzungumza na mtu kwa muda.

Kiumbe asiye na tumbo

Aliyewafanya watu wavuke bahari kuja Rapid Bay ni mmoja: joka la baharini lenye majani, ambaye hapa nitamwita joka-majani. Ni ndugu wa farasi-bahari. Huishi kwenye pwani za kusini mwa Australia tu, na hakuna kwingine duniani. Jimbo la Australia Kusini limemfanya kuwa nembo yake ya baharini, na sheria inamlinda. Kumkamata au kumsumbua ni kosa.

Siku ile ya 2024 nilimpita mara mbili bila kumwona. Mwenzangu alinigusa bega na kunionyesha kwa kidole kipande cha mwani. Kipande kile kilikuwa na jicho. Mwili mzima umeota vipande kama majani yaliyochanika, rangi ya dhahabu inayoingia kijani, na havimsaidii kuogelea hata kidogo. Kinachomsukuma ni mapezi mawili membamba kama karatasi ya plastiki, moja mgongoni, moja shingoni, yanayotetema upesi hivi kwamba huyaoni. Unaona tu mwani unaosogea dhidi ya mkondo.

Hana meno, wala hana tumbo la kuhifadhia chakula. Hufyonza vijidudu kama uduvi kwa mdomo wake wa bomba, kutwa nzima, bila kupumzika. Dume ndiye anayebeba mayai, yapata 250, yamebandikwa chini ya mkia wake hadi yatotolewe. Kiumbe wa namna hiyo hana akiba. Uduvi ukitoweka mahali pake, hana pa kujishikiza.

> *Hana meno, hana tumbo la akiba. Uduvi ukitoweka, hana pa kujishikiza.*

Naeleza haya kirefu kwa sababu bila kumjua huyu huwezi kuelewa kwa nini mezani palikuwa na machozi.

Bahari iliugua

Machi 2025, watu wanaoteleza kwenye mawimbi ya Waitpinga, upande wa pili wa rasi ya Fleurieu, ileile yenye Rapid Bay, walianza kukohoa na kuwashwa macho. Ufukwe ulijaa povu zito la rangi ya manjano. Kisha samaki wakaanza kutupwa na bahari.

Wataalamu walikuta mwani mdogo usioonekana kwa macho, wa jamii ya Karenia, ulioongezeka kupita kiasi. Mwani wa aina hii huharibu matamvua ya samaki, nao hufa kwa kukosa hewa ndani ya maji. Sababu zilizotajwa ni kadhaa, zikapandana: joto la bahari lililozidi kawaida kwa nyuzi kama 2.5 tangu Septemba 2024, bahari tulivu isiyo na upepo wa kuichanganya, na mbolea ya asili iliyoletwa na mafuriko makubwa ya mto Murray ya 2022 hadi 2023 pamoja na maji ya baridi yaliyopanda kutoka chini.

Majira ya baridi yalifika, lakini mwani haukuondoka. Ulisambaa kwenye ghuba ya St Vincent, ukazunguka rasi ya Yorke, ukafika hadi fukwe za jiji. Walikufa papa, taa, pweza, kaa, kome, na majoka-majani pia. Wananchi walioingiza picha zao kwenye jukwaa la iNaturalist waliorodhesha aina zaidi ya 400 za viumbe waliokufa. Mashamba ya chaza yalifungwa baada ya sumu kupatikana. Wavuvi walirudi na nyavu tupu.

Wanasiasa nao walivutana juu ya neno. Waziri Mkuu wa jimbo, Peter Malinauskas, alisema hili ni janga la asili na lichukuliwe hivyo. Waziri wa mazingira wa serikali ya shirikisho, Murray Watt, alisema kwa mujibu wa taratibu zilizopo halitimizi masharti ya kuitwa hivyo. Julai 2025 serikali hizo mbili zilitoa dola za Australia milioni 14 kila moja. Kwa mwenye duka la kujaza mitungi ya hewa au nyumba ya wageni kwenye mji wa pwani wenye barabara moja, jina la msiba lilikuwa na uzito: moto na mafuriko yana milango yake ya msaada inayojulikana, na bahari inayokufa haikuwa na mlango.

Msibani na kamera

Turudi jikoni. Nyumba ilikuwa ya muuguzi, mzaliwa wa Bujumbura, katika vitongoji vya kaskazini mwa Adelaide ambako familia nyingi za Kongo na Burundi zimeweka makazi. Tulikuwa kumi kwenye orodha.

Aliyeanza kupinga alikuwa mama mtu mzima wa Mombasa, mwalimu, ambaye ndiye amezamia kwa miaka mingi kuliko sisi sote. Alisema hataki kwenda. Akasema bahari ina msiba, na sisi tunataka kwenda msibani na kamera.

Kimya kilishuka. Upande wa pili wa meza walikuwapo wenye hoja nzito. Miji ya pwani inategemea wageni, na kila kundi linalofuta safari linazima taa ya mtu. Tena kwa mamlaka za afya bahari haikuwa imefungwa. Ushauri wao ulikuwa watu wasiogelee kwenye maji yaliyobadilika rangi au yenye povu, na wenye pumu wawe na dawa zao karibu. Muuguzi akadakia hapohapo: mwenye pumu haendi, dawa au hakuna dawa, kwa sababu hewa ya mtungi ni kavu na ya baridi, na mita 10 chini si mahali pa kutafuta kipulizio cha dawa mfukoni. Mwenzetu mmoja, aliyewahi kutibiwa pumu utotoni, aliinua mkono akajiondoa. Tukabaki tisa. Namtaja hapa kwa heshima, maana ni rahisi sana kunyamaza katika hali kama ile.

Ndipo Nahodha alipozungumza. "Mwalimu, nimekusikia. Lakini kwetu msiba haukimbiwi. Watu huenda. Mmoja anateka maji, mwingine anachanja kuni. Tukubaliane tunakwenda kufanya nini."

Kwa maoni yangu hapo ndipo safari ilipozaliwa. Kabla ya maneno yale tulikuwa watu wenye hamu ya kuona kitu. Baada yake kila jozi ilipewa kazi: jozi mbili kupiga picha nguzo moja moja kwa mpangilio, juu hadi chini, hai na mfu, ili picha ziingizwe kwenye kumbukumbu za wananchi, jozi mbili kukata nyuzi za mishipi zilizojifunga kwenye nguzo. Mwalimu aliuliza mikasi ni mingapi. Ndivyo tulivyojua kwamba anakuja.

Pumzi ya kijana mmoja

Sasa hesabu. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu makundi mengi huvunjika hapa, na ajali nyingi huanzia hapa.

Mtungi wa kawaida wa lita 12 ukijazwa hadi shinikizo la bar 200 una hewa lita 2,400. Bar 50 haziguswi. Ni akiba ya kurudi. Zinabaki lita 1,800. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu, lakini mita 10 chini shinikizo huwa mara mbili, kwa hiyo hutumia 40. Hiyo ni dakika 45.

Kijana wa Bukavu hatumii 20. Ana mbizi chache, hana utulivu bado, na daftari la mazoezi lilionyesha anatumia 25. Kwake yeye ni dakika 36. Nahodha aliandika 35 kwenye daftari na kuizungushia duara mara mbili. Dakika 35 kwa wote.

Kulikuwa na minong'ono, kwa sababu duara lile lilifuta kitu. Ile T ya mwisho wa gati la zamani, ambako wazoefu husema ndiko kwenye uhai mwingi zaidi, haifikiki kwenda na kurudi kwa dakika 35 kwa mwendo wa polepole. Mmoja alipendekeza kuogelea juu ya maji hadi kule, kisha kushuka. Nahodha alikataa: suti nene humfanya mtu kuwa kama chelezo, na kuogelea juu kwa mita mia kadhaa kunamaliza miguu kabla kazi haijaanza. Mwingine alipendekeza kugawa kundi, wazoefu waende mbali na wageni wabaki karibu. Akakataa tena. Kundi likigawanyika, alisema, mlinzi wa juu hajui tena aangalie wapi.

> *Safari nzima ya watu tisa ilipangwa kwa pumzi ya kijana mmoja.*

Mlinzi wa juu ndiyo kanuni nyingine ya daftari lile. Tisa haigawanyiki kwa mbili, na Nahodha aliipenda hiyo. Wanane hushuka kwa jozi nne, mmoja hubaki gatini na daftari, simu, kisanduku cha oksijeni na bendera ya bluu na nyeupe. Huandika jina, hewa ya kuingilia, saa ya kuingia, na kuacha safu moja wazi. Mzunguko wa pili anapokezana na mwingine. Namba ya dharura ni 000, na Hospitali ya Royal Adelaide ina kitengo chenye chumba cha shinikizo kwa wanaougua ugonjwa wa mbizi. Hayo pia yalikuwa yameandikwa, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Mimi niliyesafiri kutoka Afrika Mashariki nilipewa somo langu peke yangu. Kwetu Tanga maji ni ya nyuzi 25 na zaidi, suti nyembamba inatosha, na kilo tano au sita za risasi hunishusha vizuri. Kusini kule wakati wa majira ya machipuo maji huwa kwenye nyuzi 14 au 15. Suti ya milimita 7, kofia na glavu vilinifanya nihitaji kilo 11. Mara mbili! Nilizijaribu kwenye bwawa la kuogelea kabla ya safari, na vidole vya glavu vilishindwa kufungua kifungo cha mkanda. Nilirudia mara kumi, macho yamefumba, hadi kikafunguka bila kufikiri. Na ndege ya kurudi ilibidi iwe angalau saa 18 baada ya mbizi ya mwisho, jambo lililonigharimu usiku mmoja zaidi, na ni gharama ya haki.

Upepo huchagua gati

Kwenye ramani Rapid Bay na Edithburgh zinatazamana, moja mashariki na nyingine magharibi ya mdomo wa ghuba ya St Vincent. Kwa barabara lazima uizunguke ghuba yote. Kutoka Adelaide hadi Edithburgh peke yake ni karibu saa tatu.

Lakini tofauti yao ndiyo faida. Rapid Bay ina mlima nyuma yake upande wa kusini, kwa hiyo upepo wa kusini na kusini mashariki hauigusi; wa kaskazini na magharibi unaiingia moja kwa moja. Edithburgh inatazama mashariki, na nchi nzima ya Yorke inaikinga na upepo wa magharibi. Anayepanga safari ya kundi akalipia gati moja tu amecheza bahati nasibu na mishahara ya watu. Nahodha alipanga yote mawili tangu mwanzo: Jumamosi huku, Jumapili kule, na lolote litakalokataa tunalisalimia na kuondoka.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha kuliko yote niliyojifunza huko, kwa sababu mtu wa pwani yetu analielewa kabla hujamaliza kueleza. Edithburgh ina mkondo mkali maji yanapokwenda. Lakini katika ghuba zile nguvu ya mwezi na nguvu ya jua juu ya maji hukaribia kulingana. Mwezi ukiwa nusu, zikivutana, zinafutana. Maji hayajai wala hayapwi, siku nzima yamesimama kama ya kwenye ndoo. Karibu na siku zinazolingana usiku na mchana, Machi na Septemba, hali hiyo huweza kuendelea siku mbili tatu. Sisi tunasema maji mafu, ila maji mafu ya Tanga bado yanatembea. Haya yamekufa kweli. Nahodha alikuwa ameitafuta wikiendi ile kwenye jedwali la maji tangu mwanzo wa mwaka.

Wenye mishipi

Kuna mtu mwingine ambaye mipango ya wapiga mbizi humsahau. Mtu huyo alikuwapo gatini kabla yetu, amekaa kwenye kiti cha kukunja, ndoo pembeni, na mshipi wake umeingia palepale tunapotaka kushuka.

Yeye anaamini tunamfukuzia ngisi. Sisi tunaogopa ndoana zake. Wote tuna haki. Magati ya jimbo lile ni ya umma, mengi yanamilikiwa na serikali na kukodishwa kwa halmashauri za miji, ambazo zinalia kila mwaka kuhusu gharama ya kuyatengeneza. Wavuvi wa mshipi ndio wengi kuliko sisi. Bila wao nadhani magati kadhaa yangekuwa yameshafungwa, na mpiga mbizi anayewadharau anakata tawi alilokalia.

Kanuni ya daftari ilikuwa nyepesi: kabla ya kuvaa, mmoja wetu anapita kwa kila mvuvi, anasalimia, anamwonyesha tunaposhukia, tunapopita na saa ya kutoka. Asubuhi ya Edithburgh kazi hiyo alipewa Mwalimu. Alirudi na habari kwamba mzee mmoja hajapata kitu tangu jana na kwamba nguzo za upande wa kaskazini zina nyuzi nyingi mno.

Edithburgh

Tulifika Jumamosi jioni. Mji ni mdogo, uliopewa jina la Edith, mke wa gavana Sir James Fergusson, na gati lake lilijengwa katika karne ya 19, likasafirisha chumvi iliyovunwa kwenye maziwa ya jirani. Kabla ya giza tulikwenda makaburini. Januari 1909 meli Clan Ranald, iliyobeba ngano na unga wa kwenda Afrika Kusini, ilipinduka karibu na hapo. Watu 40 walikufa kati ya 64, wengi wao mabaharia kutoka Asia, na waliopatikana walizikwa hapo. Muuguzi alisimama muda mrefu mbele ya kaburi la pamoja. Kisha akasema twendeni tukalale, kesho kuna kazi.

Jumapili upepo ulikuwa wa magharibi na nyumba za mji zilitukinga. Chini ya gati maji yalikuwa yamesimama. Nilidondosha jani kutoka kwenye ngazi na likabaki lilipoangukia.

Nilishuka na Mwalimu, jozi ya kukata nyuzi. Mita 3, mita 5, kisha mchanga. Hapa pia nilizamia mwaka 2024, na niliitafuta nguzo niliyoikumbuka, ya tatu kutoka ngazi ya chini, iliyokuwa imevaa sponji za chungwa kama shuka. Niliipata. Sehemu kubwa ilikuwa tupu, rangi ya kijivu, na chini yake rundo la maganda ya kome yaliyofunguka. Kwenye kona iliyokingwa palikuwa na kipande cha sponji ukubwa wa kiganja. Niligusa chuma karibu nacho, sikukigusa chenyewe.

Hatukuona joka-majani. Hilo peke yake halisemi kitu. Hata miaka mizuri mtu hupita mbele yake asimwone. Lakini tulitazama kila kipande cha mwani kama tunavyotazama nyuso kwenye kituo cha basi.

Mwalimu alifanya kazi bila haraka. Uzi wa mshipi chini ya maji hauonekani hadi uukaribie sana. Unaujua kwa sababu taka zimeshikwa hewani, mahali pasipo na kitu cha kuzishika. Yeye anashika uzi kwa mkono wa kushoto, anautanua, anakata, anauzungushia kwenye kipande cha mti, anasogea. Ndoana anazipachika kwenye kizibo. Katika uzi mmoja alikuwapo kaa, mguu umezungukwa mara nne. Alikata mara nne. Kaa alianguka mchangani na kukaa hapo muda kidogo kabla ya kuondoka kwa upande.

Dakika ya 31 nilimwonyesha kidole gumba, ishara ya kupanda, naye akaitikia. Nilitoka na bar 80, yeye na bar 110. Bunda la nyuzi lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Mzee wa ndoo alikuja kulitazama, akaligeuza kwa kiatu, akachukua ndoana mbili zake mwenyewe akacheka.

Jozi ya picha ilitoka. Jozi ya pili ya mikasi ikatoka. Nahodha, ambaye zamu ile alibaki juu, alikuwa hajakaa. Alikuwa ameegemea nguzo ya taa, daftari limefunguliwa juu ya goti lililoinuliwa, kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi. Dakika ya 33. Dakika ya 34. Mapovu yalisogea polepole kuelekea ngazini, mistari miwili, sambamba.

Kijana wa Bukavu alitokeza kichwa, akashika chuma, akasubiri mwenzake apande kwanza kama alivyofundishwa. Kisha akapanda, akatoa mdomo wa kupumulia na kusema bar 60.

Nahodha akaandika 60, akaandika saa nne na dakika ishirini na moja, na safu ya mwisho ikajaa.